Shajara ya mradi: boksi la sabufa ya inchi 12 isiyo na karatasi ya vipimo

Kilichopo mezani ni spika moja ya besi ya inchi 12: koni ya karatasi, ukingo wa mpira, sumaku yenye tundu la hewa katikati kwa nyuma, na vituo vinne vya kufungia waya. Kibandiko kimebaki na vitu vitatu vinavyosomeka: 300 W, 2+2 Ω na 92 dB. Namba ya modeli imefutika. Hakuna Fs (masafa ambayo koni hutetema yenyewe kwa urahisi zaidi), hakuna Qts (namba ya jinsi mtetemo huo unavyozuiwa: ikiwa ndogo, unazuiwa zaidi), hakuna Vas (ujazo wa hewa wenye ulegevu sawa na mashikio ya koni), hakuna Xmax (mwendo salama wa koni kwa upande mmoja). Hizo ndizo namba zinazoamua ukubwa wa boksi, na zile tatu zilizobaki hazisaidii hesabu hata moja.

Kazi inayotakiwa: sabufa ya sebule ya sinema, ichukue sauti kuanzia Hz 80 kushuka chini, na boksi lisizidi sm 45 kwa kila upande. Amplifaya iliyopo ni ya nje, wati 250 kwa omu 4, yenye DSP (kichakataji cha kurekebisha sauti kidijitali) ndani.

Njia ya mkato ambayo wengi huishika ni kuchukua vipimo vya spika nyingine ya inchi 12 "inayofanana", au kujenga kwa jedwali la "inchi 12 inataka lita kadhaa". Imeachwa. Spika mbili zenye kipenyo kimoja zinaweza kupishana Vas mara tatu, na kwa nje usione tofauti yoyote. Namba zote zinazohitajika zinapimika kwa multimita, kompyuta mpakato yenye kadi ya sauti, rezista mbili (omu 100 na omu 10), mizani ya jikoni na programu ya kupima sauti ya REW ambayo haina malipo. Hesabu yenyewe ni ile ya Neville Thiele (1961) na Richard Small (mwanzoni mwa miaka ya 1970), haijabadilika.

Siku ya 1: koili mbili, na ukinzani wa kweli

Vituo vinne maana yake koili mbili juu ya silinda moja. Kabla ya kipimo chochote lazima ijulikane zitaunganishwa vipi kazini, kwa sababu vipimo vya Q hubadilika kwa muunganisho. Ukipima koili moja huku nyingine ikiwa wazi, ukinzani ni nusu lakini nguvu ya mota (BL) nayo ni nusu, na kwa kuwa BL huingia kwenye hesabu ikiwa imezidishwa kwa yenyewe, Qes (sehemu ya Qts inayotokana na koili na sumaku) hutoka mara mbili ya ile halisi. Boksi litakalotokana na namba hiyo litakuwa kichekesho.

Sambamba zingekuwa chini ya omu 1 kwa mkondo wa moja kwa moja, na amplifaya haivumilii hilo. Kwa hiyo ni mfululizo: chanya ya koili A kwenda kwenye amplifaya, hasi ya A kwenda chanya ya B, hasi ya B kurudi.

Alama za + na − zimehakikiwa kwa betri ya volti 1.5, koili moja baada ya nyingine. Koni ikisogea mbele, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya. Jaribio hili linachukua nusu dakika na halirukwi: ukikosea koili moja, nguvu zinafutana, koni haisogei, grafu ya impidensi (ukinzani wa spika kwa kila masafa) haina kilele, na mtu anahukumu kuwa spika imekufa.

Multimita ilisoma omu 3.7 kwa koili zote mbili. Nyaya za multimita zilipogusanishwa zenyewe zilisoma 0.3. Re (ukinzani wa koili kwa mkondo wa moja kwa moja) ni 3.4, wala si 3.7. Kwenye spika ya omu 8 kosa hilo lingepita bila kuonekana. Hapa ni karibu asilimia 9, nalo huingia moja kwa moja kwenye Qes. Uhakiki: mkondo wa ampea 0.5 kupitia koili, volteji kwenye vituo volti 1.70. Inakubali.

Siku ya 2: grafu ya kwanza, na kwa nini imetupwa

Muunganisho: kifaa cha kutoa sauti cha kadi, kisha rezista ya omu 100, kisha spika; ingizo moja la kadi linasoma kabla ya rezista, jingine baada yake. REW husawazishwa kwanza kwa rezista inayojulikana (omu 10, usahihi wa asilimia 1) mahali pa spika. Isiposoma 10 hapo, usiendelee.

Spika iliwekwa kifudifudi? Hapana, ililazwa chali juu ya sumaku yake, koni ikitazama dari. Kilele kilifika omu 24 tu, kipana, kama mlima uliokatwa kichwa. Sababu ilikuwa chini ya spika yenyewe: lile tundu la hewa la katikati ya sumaku lilikuwa limezibwa na meza. Hewa iliyokuwa nyuma ya kifuniko cha vumbi haina pa kutokea, inafanya kazi kama breki. Spika ikainuliwa ikasimama wima, ikabanwa kwa jiliwa kwenye ukingo wa meza nzito, pande zote mbili wazi: kilele kikapanda hadi omu 36 kwenye Hz 31.

Kusimama wima kuna faida ya pili. Spika ikilala, uzito wa koni unaivuta nje ya kituo chake cha katikati. Na ikishikwa kwa mkono badala ya jiliwa, fremu nzima hutikisika na kilele huyumba.

Hz 31 pia haikuaminiwa. Spika imekaa muda mrefu bila kupigwa, na kitambaa cha mikunjo kinachoishika koili (mafundi wengi huita spaida) kimekakamaa. Imepigwa wimbi la Hz 20 kwa volti 6 usiku, kwa muda wa saa 8, koni ikitembea takriban mm 5 kila upande. Haina boksi, kwa hiyo ni mtikisiko tu wala si kelele.

Siku ya 3: grafu inayotumika

Mara tu baada ya kuzimwa, Fs ilikuwa 26.2. Asubuhi, ikiwa imepoa, 27.0, na haikubadilika tena kwa vipimo vitatu. Hiyo ya asubuhi ndiyo ya kazi. Ukipima ikiwa moto, koili nayo ina ukinzani mkubwa zaidi, na Re uliyopima siku ya 1 haihusiki tena.

Masomo:

Re = 3.4
Zmax (impidensi ya kileleni) = omu 40.8 kwenye Fs = Hz 27.0
r₀ = 40.8 ÷ 3.4 = 12, kipeuo chake cha pili 3.464
Kiwango cha kusomea pande mbili za kilele = 3.4 × 3.464 = omu 11.8
f₁ = Hz 20.3, f₂ = Hz 35.9 (masafa ambapo grafu inakata kiwango hicho)

Kabla ya kwenda mbele, zidisha f₁ kwa f₂ na utafute kipeuo cha pili: √(20.3 × 35.9) = 27.0. Ikitofautiana na Fs kwa zaidi ya nusu Hz hivi, kuna kitu kimeharibu grafu: jiliwa limelegea, au kitu karibu na koni kinatetema nayo.

Qms (sehemu ya Qts inayotokana na mashikio ya koni) = 27 × 3.464 ÷ (35.9 − 20.3) = 6.0
Qes = 6.0 ÷ (12 − 1) = 0.545
Qts = 6.0 ÷ 12 = 0.50

Kuhusu waya: nyaya nyembamba za mita kadhaa zikiongeza omu 0.3 kati ya amplifaya na spika, Qes hupanda hadi 0.59 na Qts hadi 0.54. Kwa hiyo kebo ya mradi huu ni ya mm² 2.5, mita 3, basi.

Siku ya 4: Vas kwa njia mbili

Vas ndiyo namba ngumu, na ndiyo inayokosewa zaidi. Imepimwa mara mbili kwa njia zisizotegemeana.

Njia ya uzito. Udongo wa plastiki wa kuchezea watoto, gramu 50 kamili kwenye mizani, umeviringishwa ukawa kamba na kubandikwa kama pete kuzunguka kifuniko cha vumbi, pale koni inapokutana na koili. Usitumie sarafu wala nati: sumaku huvuta chuma, na kitu kisichoshikamana vizuri hurukaruka na kuchafua grafu. Fs mpya: Hz 22.9.

Mms (uzito wa koni na vyote vinavyotembea nayo) = 50 ÷ ((27.0 ÷ 22.9)² − 1) = gramu 128

Ubora wa njia hii uko kwenye desimali. Kama ingesomwa 23.1 badala ya 22.9, Mms ingekuwa 137. Tofauti ya Hz 0.2 inaleta kosa la karibu asilimia 7, ndiyo maana upigaji wa grafu uwe wa polepole na sampuli ndefu kadiri programu inavyoruhusu.

Kipenyo cha koni kinachofanya kazi hakipimwi kwenye fremu wala kwenye ukingo wa karatasi. Kinapimwa kutoka katikati ya mkunjo wa mpira upande huu hadi katikati ya mkunjo upande wa pili: sm 25.0. Sd (eneo la koni linalosukuma hewa) = sm² 491. Hapa pana mtego. Vas inategemea Sd ikizidishwa kwa yenyewe, na Sd inategemea kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe, kwa hiyo kosa la kipenyo huingia kwa nguvu ya nne. Ukisoma sm 26 badala ya 25, Vas hupanda kwa asilimia 17. Rula imepitishwa mara nne kwa pembe tofauti.

Ulegevu wa mashikio (Cms) ni mm 0.271 kwa kila nyutoni, na Vas = 141,900 × 0.0491² × 0.000271 = m³ 0.0927, yaani lita 93.

Njia ya boksi. Boksi la majaribio la lita 38 kwa ndani, spika ikifungwa kwa nje kinyumenyume, sumaku ikitazama chumba. Hivyo nafasi ya mbele ya koni, kama lita 2, inajumlishwa na kufanya 40. Kipimo cha kwanza kilitoa vilele viwili, kimoja kikubwa na kingine kidogo chini ya Hz 10. Vilele viwili ni dalili ya boksi lenye tundu. Hewa ilikuwa ikipita chini ya fremu. Gasketi ya sponji ikawekwa, skrubu zote 8 zikakazwa kwa mpangilio wa msalaba, kilele cha pili kikatoweka. Fc (masafa ya kilele spika ikiwa kwenye boksi) = 48.3.

Vas = 40 × ((48.3 ÷ 27.0)² − 1) = lita 88

93 na 88. Asilimia 5 kati yao ni makubaliano mazuri kwa vifaa vya mezani. Kuanzia hapa Vas ni 90.

Siku ya 5: mwendo wa koni

Xmax haimo kwenye grafu ya impidensi. Fundi mwenye uzoefu huikadiria kwa jicho, kwa kutazama nje ya spika, na mara nyingi hukadiria kwa ukarimu.

Spika hii ina madirisha makubwa kwenye fremu, na chini ya spaida pana nafasi ya kuona bamba la juu la sumaku. Kwa tochi, shaba ya koili inaonekana ikichomoza juu ya bamba hilo. Ukanda mwembamba wa kadi ya karatasi umeteremshwa kupitia dirishani hadi ukagusa bamba, ukawekwa alama ya penseli pale shaba inapoishia, ukatolewa na kupimwa: mm 9. Koili ikiwa ndefu kuliko pengo la sumaku na imekaa katikati, sehemu inayochomoza upande mmoja ndiyo Xmax. Usitumie kipande cha bati wala bisibisi kwa kazi hii. Sumaku itakinyakua, na insulation ya koili ikikwaruzwa hapo hakuna kurekebisha.

Kutokana na namba zilizokwisha kupatikana, BL ni takriban 11.6 T·m, na usikivu ni dB 87 kwa wati 1 mita 1. Ukipima kwa volti 2.83, ambazo kwa omu 4 ni wati 2, unapata 90. Ile 92 ya kibandiko ni ya matumaini.

Siku ya 6: uchaguzi wa boksi

Fs ÷ Qes = 49.5. Kwa desturi, chini ya 50 spika inataka boksi lililofungwa, karibu na 100 inataka boksi lenye bomba. Hii iko mpakani, ikiegemea kufungwa. Lakini sababu kubwa ya kuchagua boksi lililofungwa ni nyingine: namba zetu zina mashaka ya asilimia 5 hadi 10, na maboksi haya mawili hayasamehe makosa sawasawa.

Chukua boksi lililofungwa la lita 60. Vas ikiwa 80 kweli, Qtc (yaani Qts spika ikiwa kwenye boksi) inakuwa 0.76. Vas ikiwa 100, Qtc inakuwa 0.82. Mashaka ya lita 20 yameleta tofauti ambayo sikio sebuleni halitaitambua, kwa sababu hewa ya ndani ya boksi ndiyo chemchemi kubwa, na ile ya spika ni nyongeza. Hata spika kukakamaa au kulegea hakubadilishi sana: namba za siku ya 2, kabla ya kulegezwa, zingeweka Fc ya boksi la lita 50 kwenye Hz 48, za sasa zinaiweka kwenye 45.2.

Boksi lenye bomba halina huruma hiyo. Kwa Qts ya 0.50 tayari lina tabia ya kuvimba juu kidogo ya masafa ya bomba, na kosa la Vas huongeza uvimbe au hulihamisha. Chini ya masafa ya bomba koni hukosa hewa ya kuizuia, na filamu zina sauti nyingi huko. Bomba lenyewe kwa lita 100 na Hz 25, kipenyo sm 10, linatoka urefu wa sm 30. Boksi la sm 45 halina lita 100 wala nafasi ya bomba hilo. Limefutwa.

Kwa boksi lililofungwa, Vas ya 90 na Qts ya 0.50 zinatoa:

Lita 90: Qtc 0.71, Fc Hz 38
Lita 58: Qtc 0.80, Fc Hz 43
Lita 40: Qtc 0.90, Fc Hz 49

Kikomo cha sm 45 kinaruhusu lita 63 halisi. Qtc 0.78, Fc 42.1 kwenye karatasi, na sufi ya ndani itaishusha. Imekubaliwa.

Hesabu ya mwendo ndiyo iliyozindua. Ndani ya boksi hili, chini ya Hz 25, koni inafika mm 9 kwa volti 16.5 tu, yaani wati 68 kwa omu 4. Zile 300 za kibandiko zinahusu joto la koili. Hazisemi chochote kuhusu umbali ambao koni inaweza kwenda kabla ya kugonga. Amplifaya ya wati 250 ina karibu dB 6 za ziada juu ya kikomo hicho, kwa hiyo kizuizi cha volteji kitawekwa kwenye DSP, si kwa hiari.

Sauti inayotegemewa kwa mita 1, boksi likiwa sakafuni, kwa mwendo wa mm 9: dB 93 kwa Hz 20, dB 100 kwa Hz 30, dB 105 kwa Hz 40. Chumba chenye kuta kitaongeza chini. Kiwango cha rejea cha chaneli ya LFE (ya besi za athari maalumu) katika sinema hufika kilele cha dB 115 mahali pa msikilizaji. Spika moja ya namna hii haifiki huko, na hakuna boksi litakaloifikisha.

Siku ya 7 hadi 9: mbao

MDF ya mm 18, bamba moja la mm 1220 × 2440. Vipande:

Juu na chini: 450 × 450, viwili
Pembeni: 414 (kimo) × 450 (kina), viwili
Mbele: 414 × 414, viwili, vinabanwa kuwa mm 36
Nyuma: 414 × 414, kimoja
Kiunzi cha ndani: 414 × 414, kimoja

Vinakaa viwili viwili kwa safu nne, na sm 70 hivi za bamba zinabaki. Kwa ndani ni 414 × 414 × 396, lita 67.9. Ondoa spika 3.0, kiunzi 1.5, vijiti vya pembe na mhimili 0.6. Zinabaki 62.8.

Kiunzi kimekatwa madirisha manne, kikabaki na fremu na msalaba katikati. Kimewekwa sambamba na ubao wa mbele, sm 18 kutoka uso wake wa ndani, si katikati kabisa, ili vipande viwili vya ukuta visiwe na urefu mmoja na kuvuma kwa masafa mamoja. Kati ya msalaba na ubao wa nyuma umewekwa mhimili wa sm 19.8, kwa sababu kiunzi hakiugusi ubao wa nyuma, na ule wa mbele tayari una mm 36. Sumaku inaingia ndani sm 11.4 baada ya ubao wa mbele. Tundu lake la hewa linabaki na sm 6.6 hadi kwenye msalaba. Chini ya sm 5 lisingeruhusiwa.

Tundu la spika ni sm 28.2. Kwa ubao wa mm 36, ukingo wa ndani wa tundu lazima ukatwe mshazari wa digrii 45. Usipofanya hivyo spika inapumulia ndani ya kisima, na madirisha ya fremu yake yanazibwa nusu.

Gundi ya mbao kila kiungo, majiliwa kwa muda wa saa 2, kisha uzi wa silikoni ndani ya kona zote. Silikoni yenye harufu ya siki iachwe ikauke siku 2 kabla ya spika kuingia. Mvuke wake hautakiwi karibu na shaba. Skrubu za spika hazikuingizwa moja kwa moja kwenye MDF, kwani hulegea baada ya kufunguliwa mara mbili tatu. Zimetumika nati za kugongea zenye meno, M5, vipande 8, kutoka nyuma, kila moja ikiwa na tone la gundi. Bila gundi, moja hung'oka na kuzunguka pamoja na skrubu siku ya kufungua, na huwezi kuifikia.

Siku ya 10: kipimo ndani ya boksi

Kilele kilisoma omu 14, na kulikuwa na kinundu kwenye Hz 9. Dalili ileile ya siku ya 4. Koni ilisukumwa taratibu kwa vidole vilivyotandazwa mm 5 ndani, ikarudi papo hapo. Kwenye boksi lisilovuja hurudi kwa uzito, kama inasitasita. Wimbi la Hz 10 likapigwa na ubani ukapitishwa kandokando ya viungo. Moshi ulitulia kote ila nyuma, kwenye vituo vya waya, ambapo ulikuwa ukivutwa na kusukumwa. Mashimo ya bolti yalitobolewa kwa keekee ya mm 10 kwa bolti za mm 8. Silikoni na vikofia vya mpira vikaziba.

Baada ya hapo: Zmax omu 30, Fc Hz 41.5, f₁ 33.1, f₂ 52.1. Qtc 0.74. Hesabu ilisema 42.1 na 0.78. Fc iko ndani ya mashaka ya Vas. Qtc imeshuka kwa sababu hesabu ya karatasi ilidhani boksi halipotezi chochote, na kila boksi hupoteza kidogo.

Sufi ya poliesta ya mito, gramu 750, imetandazwa nyuma ya kiunzi na pembeni, mbali na tundu la sumaku, ikazuiwa kwa wavu. Fc 39.8, Zmax 21, Qtc 0.67. Boksi linajiona kama limekua kwa asilimia 16. Jaribio la gramu 1,200 lilishusha Qtc zaidi bila kusogeza Fc, kwa hiyo zilirudishwa 750.

Bila marekebisho yoyote, dB −3 (pale besi inapokuwa imeshuka dB 3) iko Hz 42.

Siku ya 11: DSP

Marekebisho ya Linkwitz (kichujio kinachofanya boksi lisikike kama lina Fc na Qtc nyingine) kutoka Fc/Qtc ya 39.8/0.67 kwenda 30/0.70. Gharama yake chini kabisa ni dB 4.9, yaani nguvu mara 3. Kwenda hadi Hz 25 kungegharimu dB 8.1, mara 6.4, na mm 9 haziruhusu. Kwa sauti ya chini ingependeza, kwenye mlipuko wa kwanza koni ingegonga. Kichujio cha kukata chini ni Hz 20, mteremko wa dB 24 kwa oktavu. Kikomo cha volteji ni volti 17 RMS, kama wati 72. Kata ya juu imeachiwa kipokeaji cha sinema kwenye Hz 80, na ya amplifaya imezimwa ili vichujio viwili visirundikane.

Kikomo kimehakikiwa kwa multimita kwenye vituo vya spika, wimbi la Hz 50, sauti ikipandishwa hadi namba ikagoma kupanda. Iligoma kwenye 16.8.

Kilichobaki ni mikrofoni mahali pa msikilizaji na kusogeza boksi ukutani hatua kwa hatua. Usawazishaji wa chumba usiguswe kabla ya hapo. Chumba cha urefu wa m 5 huwa na uvimbe karibu na Hz 34, ambao unaweza kufanya sehemu ya zile dB 4.9 zisihitajike kabisa.

Namba za kuandikwa kwa kalamu isiyofutika nyuma ya sumaku: Fs 27.0, Re 3.4 (mfululizo), Qms 6.0, Qes 0.545, Qts 0.50, Vas 90, Mms 128, Sd 491, Xmax 9.